Daktari Huchaguaje Tiba ya Saratani? Tunajibu Maswali ya Takwimu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: takwimu zinaweza kueleza vipi kwa nini daktari alimpeleka mgonjwa huyu kwenye upasuaji na yule kwenye mionzi? Tumechagua barua sita. Jibu la kwanza na la pili ni marefu kuliko mengine, kwa sababu kosa la hatua za mwanzo halirekebishwi na hesabu yoyote ya baadaye.

SWALI: Shikamooni walimu. Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu za afya. Nimepewa rejista ya wagonjwa 1,200 wa saratani ya tezi dume ambao ugonjwa wao haujasambaa. Kila mmoja ameandikiwa tiba aliyopata: upasuaji, mionzi, au ufuatiliaji wa karibu bila tiba ya haraka. Msimamizi wangu anataka nieleze kilichowaongoza madaktari. Nimefikiria regresheni ya logiti yenye makundi matatu. Inatosha?

JIBU: Marahaba. Kabla ya regresheni yoyote, tafuta jibu la swali hili: siku uamuzi ulipofanywa, kila mgonjwa alikuwa na tiba ngapi mezani?

Regresheni uliyoitaja, ile inayokadiria uwezekano wa kila tiba kuchaguliwa, inachukulia kwamba wote 1,200 walikuwa na njia tatu wazi, na hilo ni nadra kuwa kweli. Mwenye ugonjwa wa moyo usiomruhusu kupewa nusukaputi hakuwa na upasuaji. Aliyetibiwa mahali pasipo na mashine ya mionzi, na rufaa haikuwezekana, hakuwa na mionzi. Mwenye uvimbe wa Gleason 9 (alama ya ukali wa seli za saratani, na 9 ni kali sana) na afya njema hakuwa na ufuatiliaji kama njia ya kweli. Ukiwachanganya wote, modeli itatangaza kwamba madaktari hawapendi mionzi mahali ambapo mionzi haikuwepo kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenye faili. Kaeni na daktari bingwa wa saratani, mwandike kanuni za nani alistahili tiba ipi, na mziandike kabla ya kuangalia nani alipata nini. Kisha panga data upya: kila mgonjwa awe na mstari mmoja kwa kila tiba iliyokuwa wazi kwake, na safu moja yenye 1 kwa tiba iliyochaguliwa na 0 kwa zilizoachwa. Wagonjwa 1,200 watatoa mistari isiyozidi 3,600. Mwenye mstari mmoja tu anaondoka kwenye uchambuzi kwa kuwa hapakuwa na uchaguzi wowote, lakini idadi ya walioondoka hivyo iripoti. Mara nyingine hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Hapo sasa tumia logiti yenye masharti, aliyoieleza Daniel McFadden mwaka 1974 na iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000. Katika programu ya R utaipata kwenye kifurushi cha mlogit, na katika programu ya Stata ni amri ya cmclogit. Uzuri wake ni kwamba tiba nayo inabeba sifa zake: umbali wa kwenda kuipata, siku za kusubiri, idadi ya ziara. Sifa za mgonjwa ziingize kwa kuzizidisha na tiba. Umri ni uleule katika mistari yote mitatu ya mgonjwa mmoja, hivyo ukiuweka peke yake unajifuta na programu itakutupia onyo.

Tazama kwa makini safu ya hatua ya ugonjwa. Kuna hatua inayokadiriwa kabla ya tiba, kwa kupima na kupiga picha, na kuna ile inayopatikana maabara baada ya tezi kutolewa. Ya pili wanayo waliopasuliwa tu. Rejista nyingi huchanganya zote mbili katika safu moja, na ukiitumia hivyo modeli itatabiri upasuaji kwa usahihi wa kushangaza kwa sababu tu umeipa jibu. Kanuni ni moja: kisichojulikana siku ya uamuzi hakiingii.

Angalia pia alama ya uwezo wa mgonjwa kujihudumia, ile ya ECOG inayoanzia 0 kwa mtu mzima wa afya hadi 4 kwa asiyetoka kitandani, na 5 kwa aliyefariki. Daktari huitegemea sana, ila wanaojaza rejista huiacha wazi mara nyingi. Usijaze 0. Jaza kwa kukadiria mara nyingi, tuseme seti 20, kisha unganisha matokeo ya seti zote kuwa moja kwa kanuni za Rubin.

Umri usiukate kwenye 70 au 75. Tumia mkunjo laini, kisha chunguza kama kuna mruko kwenye namba fulani. Madaktari ni watu, na namba ya mwanzo ya umri huwavuta. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la moyo wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 80 walifanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo kwa asilimia 7.0, na waliolazwa wiki mbili baada ya kutimiza, kwa asilimia 5.3. Hilo ni moyo, si saratani, lakini jinsi ya kulitafuta ni ileile.

La mwisho kwako: tiba iliyoandikwa ni matokeo ya mazungumzo ya watu wawili au zaidi. Kama kumbukumbu za kikao cha jopo la saratani zina safu ya tiba iliyopendekezwa, hiyo ndiyo inayomhusu daktari. Kama huna ila tiba iliyotolewa, andika wazi kwamba unapima uamuzi wa daktari na mgonjwa kwa pamoja.

SWALI: Ndugu wahariri, badala ya faili tunataka kuwapa madaktari dodoso lenye wagonjwa wa kubuni na tiba mbili mbili, wachague. Tuweke sifa ngapi, maswali mangapi, na tuhitaji madaktari wangapi? Bajeti yetu ni ndogo.

JIBU: Sifa tano zinatosha, sita ni nyingi, na saba daktari aliyetoka zamu ataanza kuangalia moja au mbili na kuziruka nyingine. Tuseme mmechagua uwezekano wa kuishi miaka mitano (viwango vinne), hatari ya kushindwa kuzuia mkojo, idadi ya ziara za hospitali, muda wa kupona, na uhakika wa ushahidi (viwango vitatu kila moja). Hapo kuna tiba za kubuni 4 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani 324, na jozi 52,326. Hakuna wa kuzijibu zote. Programu ya kupanga majaribio itakuchagulia kiasi kidogo kinachobeba taarifa nyingi: jozi 36 ni mwanzo mzuri, zigawe katika mafungu matatu ya 12, kila daktari apewe fungu moja kwa bahati nasibu.

Kwa idadi ya madaktari kuna kanuni ya haraka ya Johnson na Orme: zidisha 500 kwa idadi kubwa ya viwango vya sifa moja, kisha gawa kwa maswali mara tiba zinazoshindanishwa. Kwenu ni 500 × 4 ÷ (12 × 2), yaani 83.3, basi madaktari 84. Mkipunguza kuishi kuwa viwango vitatu, mnashuka hadi 63. Hiki ni kiwango cha chini, tena cha sifa zikiwa pekee pekee. Mkitaka kulinganisha wapasuaji na wataalamu wa mionzi, kila kundi lifikie idadi hiyo. Madaktari bingwa wa saratani ni wachache kila mahali, kwa hiyo ni busara kukubali sifa pungufu kuliko kumaliza na madaktari 30 na majibu yasiyosema kitu.

Yanayoharibika yanajulikana. Jozi ambayo tiba moja inashinda kwa kila kitu haifundishi chochote. Acheni moja tu ya namna hiyo kupima umakini, na nyingine ziondoeni. Mchanganyiko usiowezekana kitabibu, kama upasuaji mkubwa wenye kupona kwa siku moja, humfanya daktari apuuze dodoso zima. Jaribisheni kwa madaktari 10 hivi, mmoja mmoja, wakisema kwa sauti wanachofikiri wanapochagua. Mkisikia daktari akisema "hii lazima ni mionzi", mjue ametambua tiba kutokana na sifa zake na anachagua jina.

Namna ya kuandika hatari si jambo dogo. Mwaka 1982 Barbara McNeil na wenzake waliwapa madaktari, wagonjwa na wanafunzi takwimu zilezile za saratani ya mapafu: kati ya watu 100 waliopasuliwa, 90 wanapita salama kipindi cha tiba na 34 wako hai baada ya miaka mitano; kati ya 100 wa mionzi, wote wanapita salama na 22 wako hai baada ya miaka mitano. Namba zilipoandikwa kama walio hai, asilimia 18 walichagua mionzi. Namba hizohizo zilipoandikwa kama waliokufa, walifika asilimia 44. Madaktari hawakusalimika. Basi andikeni pande zote mbili kila mara: "90 wanapita salama kipindi cha tiba, 10 wanafariki."

Matokeo yakija, yasomeni hivi. Tuseme uzito wa kuishi ni 0.08 kwa kila pointi ya asilimia, na wa kushindwa kuzuia mkojo ni −0.04. Tiba A ina kuishi 70 na hatari 30: 5.6 − 1.2 = 4.4. Tiba B ina kuishi 65 na hatari 10: 5.2 − 0.4 = 4.8. Tofauti ni 0.4, na modeli inatabiri B kuchaguliwa kwa karibu asilimia 60. Uwiano wa uzito ni 2: daktari anakubali pointi mbili za hatari ili apate pointi moja ya kuishi. Ripotini uwiano huo, msiripoti 0.08 peke yake. Kundi lingine likitoa 0.04 na −0.02, uwiano ni uleule. Thamani zao hazitofautiani, ila majibu yao yana mtawanyiko mkubwa zaidi, na B kwao inashuka hadi asilimia 55. Tumeona ripoti zinazodai "madaktari wachanga hawajali sana uhai wa mgonjwa" kwa kosa hili hili, na inauma kuona watu wakisingiziwa kwa sababu ya hesabu iliyosomwa vibaya.

Na mkiruhusu uzito utofautiane kati ya daktari na daktari, chungeni umbo la mtawanyiko. Uzito wa kuishi wenye wastani 0.08 na mkengeuko sanifu 0.08 katika mkunjo wa kawaida unamaanisha kwamba asilimia 16 ya madaktari wanataka mgonjwa afe mapema. Tumieni umbo lisiloshuka chini ya sifuri, kama la log-kawaida.

SWALI: Nilikuwa na upasuaji na mionzi ya nje. Nilipoongeza mionzi ya ndani, ile ya kupandikiza mbegu ndogo zenye mionzi ndani ya tezi, utabiri wa upasuaji ulishuka kupita kiasi. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea kuandika amri, ni tabia ya logiti ya kawaida. Inachukulia kwamba tiba mpya inachukua wateja kutoka kwa zote kwa uwiano ulio sawa. Kama mwanzo ilikuwa 50 kwa 50, na mionzi ya ndani inavutia sawa na ya nje, modeli itagawa 33, 33, 33. Kwa kawaida aliyeelekea upasuaji atabaki huko, na mionzi miwili itagawana nusu yake: 50, 25, 25.

Dawa yake ni logiti ya viota: kiota kimoja cha upasuaji, kingine cha mionzi ya aina zote. Kipimo cha kiota kinatakiwa kiwe kati ya 0 na 1. Kikiwa 1, umerudi kwenye logiti ya kawaida na viota havina kazi. Kikizidi 1, mpangilio wako haulingani na data. Jaribu kuvipanga upya, pengine madaktari hutenganisha kwanza kutibu na kutotibu, ndipo wachague aina ya tiba. Kuna jaribio la Hausman na McFadden la mwaka 1984 la kupima kasoro hii, lakini kwenye sampuli ndogo halitegemeki. Sisi tungeamini zaidi maelezo ya daktari kuhusu tiba zipi anaziona kama ndugu.

SWALI: Uzito mmoja umetoka 18.7, na hitilafu sanifu yake ni zaidi ya 2,000. Niutoe?

JIBU: Usiutoe kwanza. Hesabu jedwali la kigezo hicho dhidi ya tiba; utakuta kisanduku chenye sifuri, mfano hakuna hata mgonjwa mmoja wa ECOG 3 aliyepasuliwa. Kama ni kanuni ya kitabibu, wagonjwa hao hawakuwa na upasuaji mezani, warudishe kwenye kanuni za kustahili. Kama ni uchache tu wa data, tumia makadirio yenye adhabu ya Firth, yanayozuia uzito usikue bila kikomo, au unganisha viwango viwili vinavyokaribiana.

SWALI: Tuna madaktari 40 katika hospitali 9. Mhakiki anauliza ni kiasi gani cha uchaguzi kinatokana na daktari mwenyewe wala si mgonjwa. Tunajibuje?

JIBU: Kwa modeli ya ngazi: mgonjwa ndani ya daktari, daktari ndani ya hospitali. Kwa tiba mbili, amri ya glmer katika kifurushi cha lme4 cha R itafanya kazi hiyo. Weka kwanza sifa zote za mgonjwa, kisha soma mtawanyiko uliobaki kwa daktari. Tuseme ni 0.82. Kwenye kipimo cha logiti, mtawanyiko wa ngazi ya mgonjwa huhesabiwa kuwa 3.29, hivyo sehemu ya daktari ni 0.82 ÷ 4.11, asilimia 20.

Asilimia hiyo haimwambii daktari kitu, kwa hiyo tungeongeza uwiano wa kati: chukua mzizi wa 0.82, zidisha kwa 0.954, kisha pandisha kwa kipeo cha e. Unapata 2.37. Maana yake, mgonjwa yuleyule akihamishwa kati ya madaktari wawili waliookotwa kwa bahati, uwiano wa kupasuliwa dhidi ya kutopasuliwa kwa mwenye mwelekeo mkubwa, kwa kawaida, ni mara 2.37 ya ule wa mwenzake.

Taaluma ya daktari iingize kama kigezo, na utaona sehemu ya mtawanyiko ikiyeyuka. Mwaka 2000 dodoso la madaktari wa Marekani lilionyesha kwamba kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume isiyosambaa na matarajio ya kuishi zaidi ya miaka 10, asilimia 93 ya wataalamu wa njia ya mkojo walichagua upasuaji, huku asilimia 72 ya wataalamu wa mionzi wakiona upasuaji na mionzi ya nje ni sawa. Halafu jaribio la ProtecT la Uingereza, lililowagawa wanaume 1,643 kwa nasibu, likaonyesha baada ya miaka 15 kwamba waliokufa kwa saratani hiyo ni asilimia 2.7 tu, bila tofauti ya maana kati ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Tofauti ya vifo ikiwa ndogo kiasi hicho, mlango alioingilia mgonjwa una nafasi kubwa ya kuamua, na hilo anastahili kuambiwa.

Tahadhari moja: daktari mwenye wagonjwa watatu atavutwa karibu kabisa na wastani, kwa hiyo msiwapange madaktari kwa madaraja. Na hospitali yenye daktari mmoja haiwezi kutenganisha athari yake na ya daktari huyo.

SWALI: Modeli yangu ya uchaguzi inatabiri vizuri sana, eneo chini ya mkunjo ni 0.94. Naweza kuitumia kulinganisha tiba ipi inarefusha maisha?

JIBU: Taratibu hapo. Uwezekano wa kupata tiba unaotabiriwa na modeli ndio alama ya mwelekeo (propensity score) iliyoelezwa na Rosenbaum na Rubin mwaka 1983, na hutumika kusawazisha makundi. Lakini modeli nzuri ya kueleza uchaguzi si lazima iwe nzuri kwa kazi hii. Katika kueleza uchaguzi unataka umbali wa mashine ya mionzi. Ni kigezo chenye nguvu. Katika kulinganisha uhai, kigezo kinachogusa uchaguzi pekee bila kugusa uhai kinaongeza kuyumba kwa makadirio, na kinaweza kukuza upotovu wa vigezo ambavyo hukuvipima. Kitoe. Acha yanayogusa uhai: hatua, umri, ECOG, magonjwa mengine.

Hiyo 0.94 (1 ni utabiri usiokosea, 0.5 ni kubahatisha tu) ni onyo. Chora mitawanyiko ya uwezekano kwa makundi mawili. Tunatarajia utaona yamekaa mbali, kwa kuwa wagonjwa wa upasuaji na wa mionzi hawafanani. Mgonjwa aliyekuwa na uwezekano wa 0.02 wa kupasuliwa na akapasuliwa atapewa uzito wa 1 ÷ 0.02, yaani 50: atawasemea watu 50. Wachache wa namna hiyo watabeba jibu lako lote. Baki na eneo ambalo makundi yanapishana, ueleze ni wagonjwa wa aina gani waliobaki humo, kisha kagua tofauti sanifu ya kila kigezo baada ya kutumia uzito huo; ikizidi 0.1, rudi kwenye modeli kabla ya kugusa safu ya vifo.